Kahawa ya Kutafuna

Kikapu cha kahawa kilizunguka sebule yote ya Jovita, kikarudi vilevile kilivyoondoka. Jumuiya ilikuwa imemaliza kusali nyumbani kwake, pale Kagoma, na kwa desturi ya Wahaya mwenye nyumba alitafuna punje ya kwanza mbele ya macho ya wote, ndipo akawapitishia wageni. Wakakipokezana kwa adabu kubwa, kama watu wanaopokezana mtoto aliyelala. Hakuna aliyetia mkono. Hata mzee Rutaihwa, ambaye tangu abatizwe hajawahi kuacha kahawa ya bure impite, ghafla alishikwa na kikohozi.

"Tumeshiba, waitu," alisema kwa upole wa Kihaya, akatafuta fimbo yake.

Zamani kahawa hiyo ilikuwa ikigombewa. Jovita aliichuma mwenyewe, akaichemsha na majani yenye harufu nzuri, akaianika mpaka ikakauka, na watu walizua safari za uongo ili tu wapite kwake. Kisha ikaja Jumatatu ya Pasaka. Datius, mume wa jirani yake Agnetha, alitoka kwa Jovita akitafuna, akafika kwake, akaanguka akitapika damu. Wakati wanaume wanamkimbiza hospitali Bukoba, Agnetha alisimama uani mbele ya majirani, akauliza swali moja tu: "Amekula nini huko alikotoka?"

Swali likaota miguu. Kufikia jioni lilikuwa limeshakuwa jibu. Wakakumbushana kwamba mwezi uliopita Jovita alichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, nafasi ambayo Agnetha alikuwa ameshaishonea gauni. Kwa nini mshindi amlishe sumu mume wa aliyeshindwa? Hilo halikumshughulisha mtu. Uvumi ulikuwa mtamu, na walioutafuna walikuwa wengi.

Datius alirudi akiwa hai, amekonda, na maneno ya daktari mdomoni: vidonda vya tumbo, tena vya siku nyingi. Aliyasema mwenyewe mlangoni pa kanisa, kila mtu akasikia. Siku hiyo Jovita alirudi nyumbani karibu akimbie, akaanika kahawa nyingi kupita kawaida. Aliamini watakuja. Na kweli zamu yake ilipofika walikuja, wakasali, wakaimba vizuri sana. Ila mikono yao haikufunguka, na Agnetha hakuja kabisa.

Walipoondoka, alipiga magoti peke yake chini ya picha ya Bikira Maria, akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, akanyamaza. Alitaka kumwambia Mungu ukweli, kwamba anawachukia. Akaitafuta chuki moyoni, na kweli ilikuwemo, lakini haikuwa kubwa kama alivyodhani. Kilichokuwa kimemjaa ni kitu kingine. Alikuwa na hamu ya kuwa na Agnetha tena. Alitamani kile kicheko chake cha kupiga makofi, na jinsi alivyokuwa akipita migombani bila hodi, akaketi jikoni, akaanza kusema watu. Wote wawili walitoka Kimwani, wakaolewa Kagoma mwaka mmoja, wasichana wasiomjua mtu, wakaitana munywani, rafiki wa kufa na kuzikana. Tangu Pasaka hakuna aliyemwita hivyo.

"Nisubiri, Bwana," alisema, akainuka sala ikiwa nusu.

Alimkuta Agnetha ameketi mkekani uani, anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Karibu, mama Renatha."

Jina la mwanawe, la kumwita mtu wa mbali. Jovita alilimeza, akaketi bila kuonyeshwa mahali.

"Leo nimekuja mgeni. Nipe kahawa nitafune."

Agnetha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kula kwako."

"Baada ya yale niliyosema?"

"Baada ya hayo. Ukitaka, tafuna wewe kwanza. Usipotaka, nitakula hivyohivyo."

Agnetha aliinamia ndizi zake. Alimenya moja, akaikata vibaya, akaitupa kwenye maganda.

"Sina," alisema.

Jovita alidhani ni hila. Basi hata huku ananyimwa. "Nyumba ya Mhaya ikose kahawa, Agnetha?"

"Mimi niliwahi kutengeneza lini?" Sauti ilikuwa ya hasira, lakini ilikatika katikati. "Tangu tuolewe, ya hapa ilitoka kwako. Sikujifunza, kwa sababu ulikuwepo. Iliyokuwepo niliimwaga ile siku. Sasa wageni wakija nawapa maji, wananishangaa."

Upepo ulipita migombani. Jovita alitaka kusema mengi: kwamba ameaibishwa nyumbani kwake mwenyewe, kwamba ameimba kanisani kwenye benchi lisilo na mtu mwingine.

"Basi nipe hayo maji," alisema.

Agnetha alifuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Jovita alisikia mfuniko wa mtungi ukiwekwa kando, kisha maji yakimiminwa kikombeni. Yalijaa. Yakaanza kumwagika sakafuni, na Agnetha aliendelea kumimina, akivuta makamasi, kama mtu aliyesahau mkono wake unafanya nini. Jovita hakumfuata wala hakumwita. Aliketi pale mkekani akiutazama mlango, na kiu ikamshika kwelikweli.