Umaskini wa Kupakwa

Mdogo wangu aliingia chumba changu cha kazi bila hodi, akajitupa kwenye kiti mbele ya kioo, akasema, "Dada, nipake umaskini."

Nilidhani ananitania. Mimi ni mpambaji katika kituo cha televisheni, wenzangu wananiita Dada Poda. Nimewahi kuombwa kuficha chunusi, makovu, ulevi wa jana, na mara moja alama ya kofi la mke wa mtu. Umaskini hakuna aliyewahi kuuomba. Wengi wanaingia nao mlangoni, wananisihi niufiche.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Sitanii, dada. Mdahalo wa kodi hapo studio unakaribia kuanza. Nataka watu wakinitazama waseme, jamani, na huyu naye wanamtoza kodi ya nini?"

Huyu mdogo wangu ndiye mwimbaji ambaye watu wote wanamwita Chiriku. Jina alipewa utotoni kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, hata usingizini alikuwa anaongea. Ana maghorofa matatu ya kupangisha, ana magari ambayo mengine hajawahi kuyaendesha, na ana kiwanda cha manukato yanayonukia kama sabuni ya chooni. Lakini ukienda kwenye kumbukumbu za serikali, hana hata kijiko. Kila kitu kimeandikwa kwa jina la mama yetu. Wakili wake ndiye aliyemfundisha: ajuza wa watu, mstaafu, macho hayaoni, nani atamfuata kumdai kodi?

Gazeti moja likalifumua jambo hilo, na tangu hapo hapakukalika. Kila penye watu wawili palikuwa na mdahalo. Kinyozi wa jirani yangu alisema Chiriku ana akili, angekuwa yeye naye angefanya vilevile, kisha akarudi kumpunja mteja chenji. Mama wa kantini ya kazini, ambaye zamani alicheza nyimbo zake mpaka masufuria yakaungua, sasa alikuwa akinipakulia chakula huku amenuna, kana kwamba maghorofa yale nimeyameza mimi. "Barabara ya kwetu ina shimo mtu anaweza kufulia nguo," aliniambia. "Mwambie ndugu yako." Na mashabiki nao wakaja juu, wakasema wivu tu unawasumbua, mwacheni kijana ale jasho lake. Mimi nilikaa kimya. Kodi yangu inakatwa kabla sijauona mshahara, hata nafasi ya kuikwepa sijawahi kupewa.

Ningeendelea kukaa kimya mpaka leo kama si macho ya mama.

Mama alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaani kwetu amewapokea kwa mikono yake. Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa kwenye foleni ya wazee wasio na uwezo wanaopasuliwa bure. Zamu yake ilipofika nikampeleka. Muuguzi wa dirishani akatazama kompyuta yake, akamtazama mama, akarudi kwenye kompyuta.

"Bibi, si wewe ndiye mwenye maghorofa?"

Mama akacheka. "Mjukuu wangu, mimi nina redio na mto wa kulalia."

"Hapa yanaonekana matatu. Umeondolewa kwenye foleni, bibi. Hii ni ya wasiojiweza."

Mama akaendelea kucheka kidogo, kisha akaelewa, akanyamaza. Na daktari alikuwa ameshatuambia kwamba jicho la kushoto likicheleweshwa litaharibika kabisa, halitarudi tena.

Nilimfuata Chiriku siku hiyo hiyo. Unajua alinijibu nini? Alisema atampeleka mama hospitali ya binafsi, tena nzuri yenye mazulia, lakini si sasa. "Nikilipa sasa, watauliza pesa nimezitoa wapi, na mimi sina kitu. Mambo yapoe kwanza, dada."

"Basi rudisha mali kwenye jina lako, mama arudi kwenye foleni yake."

"Una wazimu? Nilipe kodi ya miaka yote hiyo?"

Haki ya Mungu, kama si kwamba nimembeba mgongoni, ningemzaba kibao.

Sasa ndiye huyo, amekaa kwenye kiti changu anataka umaskini. Tena mama yetu alikuwa juu studio, mstari wa mbele, amevaa gauni lake la sherehe na mkoba mapajani. Chiriku alikuwa amemleta ili kamera zimwone. Asubuhi mama aliniambia kwa furaha, "Amesema leo ataliweka sawa suala langu."

"Suala la mama utalisema humo ndani?" nikamwuliza nikiwa nachagua brashi.

Akaangalia kucha zake. "Nitagusia kwamba mama ni mgonjwa. Watu watahurumia."

Ala! Kumbe hata macho ya mama yameletwa kama pambo. Nilitaka kumfukuza, lakini bosi alishaniagiza mgeni apambwe anavyotaka. Na mimi, mnisamehe, sina kazi ya nusu nusu. Ukinipa uso, nakupa nilichoagizwa.

Nikaanza. Nilimfuta mafuta yote ya bei mbaya usoni mpaka ngozi ikakakamaa. Nikachanganya poda ya kijivu na ya hudhurungi, nikampaka viwiko, magoti na vifundo vya miguu, akapauka kama ukuta usiopigwa rangi. Mashavu yale manene nikayatia kivuli yakaingia ndani. Midomo nikaipasua kwa gundi. Chini ya macho nikaweka rangi ya njaa, ndivyo tunavyoiita sisi mafundi. Jino lake la dhahabu nikalipaka nyeusi, likawa pengo. Pete ilikataa kutoka, ikabidi tutumie sabuni. Kutoka sanduku la mavazi ya mchezo wetu wa kuigiza nikamtolea shati lenye kola iliyolika na viatu vya yule mwigizaji anayecheza ombaomba. Kidole gumba cha mguu kikachungulia nje.

Alipojitazama kwenye kioo, alirudi nyuma. "Loo! Dada, hata mimi nimejionea huruma."

Saa, simu, pete na mkufu akaviacha kwenye droo yangu. Maskini gani ana simu yenye kamera tatu? Fundi mitambo akaja kumbania maikrofoni ndogo ndani ya kola, akataka kumpa sarafu kabla hajakumbuka ni nani.

Kisha Chiriku akanieleza mpango wake, na alivyoujivunia ungedhani ni wimbo mpya. Atatoka kwa mlango wa nyuma, azunguke, aje geti la mbele kwa miguu. Mpigapicha amekaa tayari kwenye roshani, watamwonyesha moja kwa moja akiwasili peke yake, kichwa chini, bila gari wala wapambe. Wapambe wake wote aliwafungia kwenye gari kule nyuma. "Nimeshapanga kila kitu," akasema. Akatoka akichechemea kwa mguu ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Kweli alipanga kila kitu. Alimsahau mlinzi tu.

Mlinzi wetu wa geti la mbele ni mzee mmoja mkavu ambaye kwake muziki uliisha alipooa. Hatazami televisheni, ingawa anailinda. Siku hiyo aliambiwa asiingize mtu asiye na kitambulisho, kwa kuwa nje kulikuwa na mashabiki na wenye hasira wamechanganyika. Na yeye akiambiwa ameambiwa. Alishawahi kumzuia bosi mwenyewe kwa kusahau beji, bosi akaendesha kikao kwa simu akiwa barabarani.

Nilikuwa naosha brashi huku nikitazama runinga ya ukutani. Mtangazaji alikuwa anasema kwa sauti ya msiba, "Na sasa tunamwona akiwasili, kwa miguu." Upande wa pili wa meza alikaa ofisa wa kodi, mwanamke mwembamba mwenye kalamu. Picha ikahamia getini. Chiriku huyo, kichwa chini, anachechemea. Akafika. Akanyoosha mkono afungue geti. Rungu likatangulia.

"Unakwenda wapi?" Sauti ilikuja safi kabisa kupitia ile maikrofoni ya kwenye kola.

"Ndani. Mimi ni Chiriku."

"Na mimi ni rubani. Kazi za kubeba mizigo ni geti la nyuma."

Studio ikacheka. Wakadhani ni sehemu ya onyesho. Chiriku naye alijaribu kutabasamu, likaonekana pengo. Akajipapasa mifuko kutafuta simu, na simu iko kwenye droo yangu. "Mwite dada yangu," akasema. "Dada Poda. Mpigie."

Simu ya mezani kwangu ikalia.

"Dada Poda," akasema mlinzi, "hapa nina mtu. Anasema ni ndugu yako, yule mwimbaji."

Neno moja tu lingetosha. Ningesema "mruhusu, mzee," akaingia, akakaa mbele ya kamera na vile viwiko vyangu vya kijivu, watu wakalia, na jicho la kushoto la mama likaenda hivyo hivyo, likisubiri mambo yapoe. Kwenye runinga walimwonyesha mama kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, mkono umeukumbatia mkoba.

"Mzee," nikasema, "mdogo wangu Chiriku ni tajiri. Huyo uliye naye yukoje?"

"Fukara wa kutupwa, dada. Kidole kiko nje."

"Basi mwambie athibitishe. Kama kweli ni Chiriku, mali anayo. Akuonyeshe."

Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, macho kwenye runinga.

"Dada yako anasema ndugu yake ni tajiri," mlinzi akamwambia. "Thibitisha."

Ninyi hamumjui mdogo wangu. Mwite mwizi, atakutazama tu. Mwite muongo, ataimba. Lakini mwite fukara mbele za watu, hapo umemmaliza. Nilimwona kwenye runinga akinyooka, mguu ukapona hapo hapo.

"Mimi fukara? Mimi? Unaliona lile jengo la vioo ng'ambo? Langu! Kuanzia chini mpaka kwenye matangi! Na la nyuma yake langu!"

Mlinzi akageuka kulitazama, bila haraka. "Lile ni la bibi mmoja. Niliona gazetini."

"Bibi gani! Bibi hana kitu! Bibi ni mama yangu, hata kitanda anacholalia kanunuliwa na dada! Ni jina tu tumeliandika! Vyote ni vyangu, vyangu mimi! Magari yangu, kiwanda changu, hata hiki kituo chenu nikitaka nakinunua kesho na wewe na rungu lako!" Akalisugua jino kwa mkono wa shati mpaka dhahabu ikatoka. "Ona! Ona hili! Fukara ana hili?"

Mlinzi akainama, akalichunguza jino kwa makini.

"Sawa," akasema. "Kitambulisho je?"

Mbavu sina. Nilicheka mpaka poda ikamwagika, kisha nikagundua kwamba ninalia. Kule studio kicheko kilipungua taratibu, watu wakaanza kuelewa walichokisikia. Mtangazaji alisahau swali lake. Ofisa wa kodi aliacha kuandika, akafunika kalamu yake, akaiweka mezani.

Mama akasimama. Alishika mgongo wa kiti cha pembeni yake ili asijikwae, akanyoosha mkono hewani mpaka mtu akampa maikrofoni.

"Mimi sioni vizuri," akasema. "Lakini sauti ile nimeizaa mwenyewe. Mmemsikia, ni vyake. Sasa naomba mnirudishe kwenye foleni yangu ya macho."

Akaketi, akauweka mkoba sawa mapajani.

Chiriku alipoingia hatimaye, bosi amemfuata getini mwenyewe, jasho lilikuwa limeshusha nusu ya umaskini mpaka shingoni. Shavu moja limebonyea, lingine limenawiri. Akanijia moja kwa moja.

"Ulimwambia nini kwenye simu?"

"Kwamba wewe ni tajiri. Nimekosea wapi?"

Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Kwa muda mrefu hatukusemeshana. Vijana mitaani waliuza fulana zilizoandikwa "Bibi hana kitu", zikaenda kama njugu. Nasikia yeye ndiye aliyezichapisha.

Lakini wakili wake alitimuliwa, majina yakabadilishwa, na siku moja muuguzi yule yule wa dirishani akanipigia simu: mama amerudishwa kwenye foleni.

Chiriku alikuja hospitali siku ya kumfungua mama bandeji. Sikumwita, alikuja mwenyewe, suti nyeupe, mkufu, jino linawaka, manukato yake yanamtangulia mpaka wodini. Daktari akabandua pamba taratibu. Mama akapepesa, akanitazama mimi kwanza, akaniambia nimezeeka. Kisha akamgeukia yule mtu wa suti.

"Huyu ni nani?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani? Thibitisha."

Chiriku akacheka. Mimi sikucheka, muuguzi hakucheka. Mama alikuwa anasubiri, ametulia, jicho jipya halipepesi. Basi mdogo wangu akainamisha kichwa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Risiti ya kodi.

Mama aliipokea, akaisogeza karibu na dirisha, akaanza kuisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti, kama mtoto aliyejifunza kusoma jana. Alipofika kwenye muhuri akaugusa kwa kidole, akautazama kuona kama umeacha rangi, kisha akanigeukia.

"Hii ni ya kweli," akaniuliza, "au nayo umeipaka wewe?"