Droo ya Getini

Usiku wa jana niliota kwamba fomu yangu ya ukaguzi imeamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani niliikuta sebuleni, imekaa kwenye kiti changu, inakunywa chai yangu.

"Wakesho, twende," ikasema. "Tumechelewa."

Niwaeleze kwanza kazi yangu, msije mkaniona mwehu. Kampuni yetu huuzia hoteli mashuka, lakini sisi wenyewe hatushoni chochote. Tunashonewa na viwanda vingine. Mimi ndiye ninayetumwa huko kuhakikisha hakuna mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu. Fomu ina maswali arobaini. Unauliza, unatia tiki, unaondoka. Ni miaka sita sasa, na nilikuwa najisifu kwamba nina jicho kali.

"Umeanza lini kutembea?" nikaiuliza.

"Tangu ulipoacha kunisoma," ikajibu, ikamalizia chai.

Tunafungua mlango wa jikoni na hapo hapo tuko Miritini, mbele ya kiwanda nilichokikagua jana mchana. Geti linakohoa.

"Kitambulisho," geti linasema.

Natoa bila kufikiri. Si ndivyo tulivyozoea? Ukienda ofisi yoyote, hata ukienda kumsalimia shangazi kwenye fleti zenye askari, unaacha kitambulisho getini, unaandika jina kwenye daftari, unaingia. Ukitoka unarudishiwa. Mimi sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Geti linakimeza. Nahisi ubaridi, najipapasa: pua hakuna, macho hakuna, mdomo nao umekwenda. Ajabu ni kwamba bado naona na bado nasema.

"Wee geti, uso wangu uko wapi?"

"Uko mahali salama. Kila mtu hapa huacha wake."

Ndani kuna wanawake wapata sitini wanashona foronya, na hakuna hata mmoja mwenye uso. Kuogopa sikuogopa. Nilichotaka kujua ni vile wanavyolipata tundu la sindano. Nikamwinamia wa karibu, nikamuuliza.

"Mkono umezoea, dada," akasema.

"Unaitwa nani?"

"Nyevu. Nyevu Karisa, wa Marafa."

"Uso wako uliuacha lini, Nyevu?"

"Mwezi wa pili, siku niliyoajiriwa. Sasa mama yangu ni mgonjwa sana, nimeomba niende nikamwone. Meneja amesema oda ikiisha."

"Oda itaisha lini?"

"Si wewe ndiye unayeileta?"

Kisha nikamuuliza kwa nini asijiondokee tu. Akaendelea kushona.

"Geti halimfungulii asiye na uso. Hata likinifungulia, polisi wa njiani watanishusha basi kabla ya Kilifi. Na hata nikifika, mama atanijuaje?"

Mara meneja huyo, uso wake kamili, tena umenyolewa vizuri. "Karibu tena, madam mkaguzi," anasema. Fomu inapanda juu ya cherehani na kusoma kwa sauti: "Swali la kumi na saba. Je, mwajiri anashikilia vitambulisho vya wafanyakazi?"

"Hatushikilii," meneja anasema. "Vinakaa tu getini."

"Ndivyo alivyojibu jana," fomu inaniambia. "Nawe ukatia tiki."

Lahaula! Ni kweli nilitia. Jana maneno yale yaliniingia vizuri kabisa, maana hata changu kilikuwa kimekaa getini saa ile ile. Wao wameacha, mimi nimeacha, nikaona sote tuko sawa. Kwamba mimi ningekichukua changu baada ya saa mbili na wao wangebaki bila vyao, hilo halikunijia akilini. Niliona aibu hadi nikatamani kujificha uso, na uso wenyewe sinao.

"Ifute hiyo tiki," nikaiambia fomu.

"Kaifute mwenyewe. Iko kazini."

Nakimbilia getini. Nyuma ya geti kuna droo kubwa, na tiki yangu imekuwa komeo lake, ya wino wa buluu, unene wa mkono. Naivuta, inanitukana. Naivuta tena kwa nguvu zangu zote, inang'oka, droo inafunguka.

Jamani, kelele! Nyuso zote zinasema kwa pamoja. Mmoja unauliza kama Marafa kumenyesha. Mwingine unataka kujua mtoto wake ameingia darasa la ngapi.

"Dada, mimi huyu hapa!" unaita uso wenye kovu dogo juu ya nyusi. "Mimi ndiye Nyevu!"

Uso wangu nao uko pembeni yake, unaniangalia kwa kiburi.

"Chukua mmoja," geti linasema. "Mtu mmoja hutoka na mmoja. Ndiyo kanuni."

Naomba mbili, linakataa. Naomba tena, linaanza kujifunga. Nikatia mkono, nikanyakua, nikakimbia, na papo hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilijishika pua kwanza, ipo. Halafu nikakumbuka kwamba jana nilipokuwa natoka, askari alinipa kitambulisho nami nikakitumbukiza mkobani bila kukitazama, nikiwahi chakula. Nimekitoa. Picha ni ya mwanamke mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Jina: Nyevu Karisa.

Nimempigia bosi hapo hapo.

"Bosi, ile ripoti tafadhali usiitume. Nakwenda Miritini sasa hivi."

"Si ulisema ni tiki tupu? Kuna nini tena?"

"Kuna mtu lazima apate kitambulisho chake leo. Mama yake ni mgonjwa sana."

"Amekuambia nani?"

Nimekata simu, nimekitia kitambulisho cha Nyevu mkobani, natoka.