Kukuza Vipaji

Fundi cherehani alikuwa anafumua kola ya jezi ya bintiye kwa wembe, kwa sababu jezi haikupita tena kichwani.

"Inamisha kichwa, mwanangu."

"Nimeinamisha, mama. Ni kipaji tu, kimezidi tena."

Mambo yalianza shule ilipotundika bango getini: TUNAKUZA VIPAJI. Wanafunzi wenye mbio walipewa bweni lao na kocha wao. Wakaondolewa hesabu na sayansi, wapate muda wa mazoezi. Na vipaji vikakua kweli, vile vya uso. Juu ya nyusi pakawa panajaa taratibu, kama unga uliotiwa hamira. Daktari aliwapima akasema wana afya. Wazazi wakapeana mikono. Mwalimu mkuu akasema shule nyingine huishia kuahidi.

Binti wa fundi, ambaye wote walimwita Mshale, alikuwa na kipaji kikubwa kuliko wenzake. Kiwanda cha magodoro kiliona pale pana nafasi, kikamleta mchoraji wa mabango. Akaandika kwa rangi nyekundu, herufi safi, bila kugusa nyusi: PUMZIKA KWA RAHA. Mshale alikimbia na maneno hayo alfajiri, mchana na jioni.

Kisha goti lake la kulia likavimba. Wiki ya mbio za fainali, mama alifunga cherehani akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini na kocha. Akaagiza chai, ya watu wawili.

"Mwalimu, naomba mtoto apumzike. Mguu haukunjiki."

"Mama Mshale, wewe si unashona? Ukipata kitambaa kizuri unakifungia kabatini?"

"Kikianza kuchanika, ndiyo."

Kocha akacheka mpaka akakohoa. "Mama huyu ana maneno! Hayo ni maumivu ya kukua tu. Huoni mwanao kila kitu kinakua?"

"Goti halikui, kocha. Linavimba."

"Ratiba imeshatoka," mwalimu mkuu akasema kwa sauti ya ibada. "Tumwachie Mungu."

"Mungu ndiye aliyempa hilo goti, mwalimu."

"Basi atalilinda mwenyewe." Akavuta kikombe chake karibu.

Siku ya fainali Mshale aliongoza mpaka kona ya mwisho. Hapo goti likaachia. Mama alisikia mlio wake kutoka jukwaani, kama uzi mnene unaokatwa kwa meno. Kocha alikuwa wa kwanza kumfikia. Akapiga magoti, akatoa leso, akampangusa vumbi kipajini ili maandishi yasomeke, kisha akasogea pembeni kuwapisha wapiga picha.

Shule ilimrudisha nyumbani na sanduku lake. Mama alipoomba arudi darasani, aliambiwa wenzake wameshafika mbali mno kwenye hesabu na haingekuwa haki kumwaibisha. Kwa hiyo Mshale alishinda kwenye benchi la mama yake, mguu juu ya kigoda, akishona vifungo. Wateja waliovua nguo kupimwa walimsoma usoni. Wengine walimuuliza bei ya magodoro.

Asubuhi moja mchoraji wa mabango akapiga hodi, mkononi kopo la mafuta ya taa na kitambaa.

"Samahani, mama. Nimetumwa kufuta. Tangazo limehamia kwa msichana mwingine. Naye cha kwake kimeshapanuka vizuri."

"Karibu," mama akasema. Akamshika bintiye kichwa kwa mikono miwili.

"Fumba macho, mdogo wangu, yasikuingie."

Alifanya kazi kwa uangalifu, kutoka kushoto kwenda kulia, na RAHA ndiyo iliyochelewa kutoka. Alipomaliza, kipaji kilibaki kipana, safi, kinang'aa kwa mafuta.

"Na goti?" mama akauliza.

Mchoraji akainama, akalitazama kwa makini juu na chini.

"Hilo halina maandishi, mama," akasema, akafunga kopo lake.