Mzee wa Watu

"Washa taa! Ndogo! Sasa kubwa! Indiketa ya kulia! Nimesema kulia, baba, huko ni kushoto, au umeamka vibaya leo?"

Mkaguzi alikuwa akipiga kelele tangu geti lifunguliwe, na koo lilikuwa limeanza kumkauka. Juu ya shimo la ukaguzi lilisimama lori la mchanga, likimdondoshea oili kwenye kofia yake ya plastiki, na dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani akiapa kwamba hayo ni maji.

"Maji meusi hivi?"

"Ya mvua, madamu."

"Mvua ya wapi? Mwezi mzima tunababuka na jua hapa!"

Mafundi wakaangua kicheko. Dereva naye akacheka, lakini kicheko cha mtu asiye na wasiwasi wowote. Mkaguzi alipanda ngazi ya shimo, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akamkuta Mkubwa amesimama pale juu na tai shingoni.

Mkubwa alikuwa mkuu wa kituo, na kumwona uani ilikuwa kazi, kwa sababu yeye na feni ya ofisini kwake hawakuwa watu wa kuachana.

"Wageni kutoka makao makuu wako njiani," alisema. "Wanakuja na watu wa televisheni. Kisa unakijua."

Nani asiyekijua? Basi moja la Tajiri, yule mwenye mabasi yaliyojaa mji mzima, lilikosa breki kwenye mteremko wa sokoni, likaparamia vibanda vya wauza nguo, watu wakazikwa. Kwenye kioo lilikuwa limebandikwa stika ya ukaguzi ya kituo hiki hiki, mpya, hata gundi haijakauka vizuri. Mabasi ya Tajiri hayakuwahi kukanyaga ua ule hata siku moja. Zilizokuwa zikisafiri ni stika, ndani ya bahasha, na wakaguzi walizisaini kwa zamu. Saini ya basi lile ilikuwa ya mwenzake, ambaye sasa amehamishiwa huko ambako hata simu hazishiki. Mkaguzi aliposikia kwamba si saini yake, alishusha pumzi. Halafu akajichukia kwa pumzi ile, maana wenye vibanda walikuwa wamekwisha kufa, na kilichomwokoa yeye ni zamu tu.

"Nataka gari bovu," Mkubwa aliendelea. "Bovu ambalo hata mtoto akiliona atasema hili bovu. Tunaling'oa vibao vya namba mbele ya kamera, wanaridhika, wanakwenda zao."

"Lipo hili lori, Mkubwa. Linavuja kama ndoo iliyotoboka."

"Lori hilo lina wenyewe." Mkubwa hakulitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye foleni. "Kale kagari je? Kale kanakosukumwa?"

Mkaguzi akageuka. Loo!

Lilikuwa Bibi Harusi. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebaki milangoni tu, na juu ya paa bado kilikuwepo kibao chenye ile herufi nyekundu ya wanafunzi. Wanawake wawili, mmoja mjamzito, walikuwa wakilisukuma kwa nyuma kila foleni iliposogea, kubana mafuta, na mbele alikuwa ameketi Mwalimu, shati limepigwa pasi, usukani ameushika kwa mikono miwili kama anavyowaagiza wengine waushike.

Mtaa mzima ulikuwa umejifunzia udereva katika gari lile, hasa wanawake. Jina lilitokana na mlango wa dereva, ambao haukufunguka kwa ndani. Ukishaketi kwenye usukani huna ujanja, unatulia mpaka Mwalimu ashuke, azunguke, akufungulie, na kila mara angeinama kidogo na kusema, "Shuka, bibi harusi." Mkaguzi wakati huo alikuwa mpika chai kwenye ofisi moja, hajawahi kufunguliwa mlango na mtu yeyote. Nyumbani mumewe alimcheka mpaka akakohoa: "Wewe? Gari? Baiskeli yenyewe inakushinda!" Basi alikuwa akitoroka alfajiri kwenda uwanja wa shule, na Mwalimu alimpokea bila swali. Sakafuni, chini ya zulia, palikuwa na tundu ambalo ungeona ardhi ikipita. Kiti kilimkwaruza mapaja. Lakini hakuna mahali duniani alipopata kujiona mtu kama ndani ya kigari kile.

Na klachi! Mwalimu hakusema klachi inashika. Alisema inabisha hodi. "Achia taratibu, mwanangu. Umesikia inavyotetemeka? Inabisha hodi hiyo. Mtu akibisha hodi unamjibuje?" Nawe unatakiwa uitike kwa sauti, "Karibu!", ndipo ukanyage mafuta. Siku ya mtihani wake, mkaguzi aliitika kwa nguvu zote, trafiki aliyeketi pembeni akashtuka: "Karibu wapi, mama?" Akafaulu hivyo hivyo. Leseni ile ndiyo iliyomtoa kwenye masufuria ya chai, ikampa kazi ya udereva hapa kituoni, halafu kozi, halafu ovaroli hii yenye beji. Tangu avae beji alikuwa akijiambia kwamba Jumapili moja atapita kumjulia Mwalimu hali. Jumapili zilikuja na kupita, naye alikuwa akifua.

"Nakuuliza," alisema Mkubwa. "Lile la nani?"

Hapo ndipo alipoponzwa na mdomo wake. Alitaka kumtetea. Wallahi alitaka kumtetea, na neno lililomjia ndilo tunalolisema sote tunapomwombea mnyonge huruma.

"Aa, Mkubwa, lile liache. Ni la mwalimu wa udereva. Mzee wa watu tu yule."

"Wa watu gani?"

"Si wa watu gani. Namaanisha mzee wa watu, maskini. Hana baya na mtu."

"Hana mtu?"

"Hana... Mkubwa, ni namna ya kusema tu."

"Basi safi," alisema Mkubwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kama hana mtu, lete hilo."

Mkaguzi angesema ni mjomba wake. Angesema ni baba mkwe wa jaji, nani angemuuliza? Maneno yote mazuri yalimjia wakati huo, na Mkubwa alikuwa amekwisha kumpa mgongo.

Alikwenda kwenye foleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Mzee alishuka upande wa abiria, akamshika mikono yote miwili na oili yake. "Mmeona? Niliwaambia hawa, tukifika pale tumefika nyumbani. Huyu ndiye yule niliyewasimulia, yule wa 'karibu'. Mtihani wenu ni kesho, na huyu mwenzenu alianza hivyo hivyo kama ninyi."

Wanawake wale wawili walimtazama kwa macho ya kumheshimu, na mjamzito akampigia goti kidogo licha ya tumbo lake. Mkaguzi alitamani ardhi ipasuke.

"Gari linakwenda mbele, Mwalimu," alisema. "Ukaguzi wako ni sasa hivi."

"Mbele ya watu wote hawa? Hee, mwanangu, usije ukasemwa kwa ajili yangu!"

Mzee alimfungulia mlango kwa nje, akamwingiza, akaufunga. Ndani palinuka vile vile, vumbi na sponji kuukuu. Mkaguzi aliwasha, akaachia klachi, na mtetemeko ukampanda kutoka unyayoni hadi gotini.

"Karibu," alisema mdomo wake, kabla hajauzuia. Nyuma ya kioo Mwalimu alipiga makofi.

Wageni walikuwa wamefika, suti tatu na kijana wa kamera. Mkaguzi alilipandisha gari kwenye mwinuko wa kupimia breki, akavuta handibreki mpaka mwisho, akaondoa mguu. Alikuwa akiliomba kimoyomoyo. Simama, bibi wee, simama leo tu. Likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma, polepole, bila haraka yoyote, mpaka fundi akapiga ukelele na kutia gogo nyuma ya tairi.

Hakuonewa mtu hapo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Handibreki ilikuwa mbovu kweli. Lakini ulikuwa ubovu wa siku mbili, ambao kituo kile kilizoea kuuambia, nenda kabadilishe waya, urudi.

"Shuka, madamu, utueleze makosa!" Mkubwa aliita.

Hakuweza kushuka. Alisukuma mlango kwa bega, akautikisa, huku kijana wa kamera akisogea na mmoja wa suti akicheka. Mwalimu ndiye aliyepita katikati yao, akazunguka, akafungua, akainama kidogo.

"Shuka, bibi harusi," alimwambia kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha.

Akashuka, akatoa makosa mbele ya kamera kwa sauti ya kazini. Handibreki haishiki. Sakafu ina tundu. Mlango wa dereva haufunguki kwa ndani. Kila alipotaja kosa Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kukubali, kama vile anamsikiliza mwanafunzi akijibu vizuri. Mkubwa akampa spana. Alifungua kibao cha mbele, akafungua cha nyuma, na mzee akakinga kiganja kupokea nati moja moja.

"Usiziangushe, mwanangu. Za aina hii siku hizi hazipatikani."

Suti zilipoingia ofisini kunywa soda, Mwalimu alimvuta pembeni.

"Ni waya tu ule. Nilikuwa nibadilishe, ila mafuta yamepanda, na hawa siwezi kuwaongezea gharama, wanajinyima. Mimi sijiombei. Ila kesho watafanya mtihani na gari gani? Wenye magari mapya hawawakopeshi, na akikosa kesho, huyu mwenye tumbo ndiyo basi tena."

"Ni sheria, Mwalimu."

Alilisikia neno likitoka, akalionea kinyaa. Mzee alimtazama kidogo, si kwa hasira, halafu akampigapiga begani.

"Kweli. Kweli kabisa. Sheria ni sheria."

Mchana, wageni walipokwisha kuondoka, Mkubwa alimwita ofisini. Feni ilikuwa inazunguka. Mezani ilikuwepo bahasha ya khaki, na zamu ilikuwa yake.

"Ya Tajiri hayo. Saini upesi upesi, kijana wao anangoja."

Mkaguzi aliziangalia stika zilivyopangwa. Mikono yake ilikuwa bado ina kutu ya nati.

"Yaletwe," alisema.

"Nini?"

"Mabasi. Yaletwe hapa, niyapandishe kwenye mwinuko kama nilivyolipandisha lile. Nikiyaona yanasimama, nasaini."

Mkubwa hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alijiegemeza kwenye kiti akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia mchezo mpya.

"Tangu lini?" aliuliza.

Tangu lini, kweli? Mkaguzi alijiuliza. Tangu soko? Baada ya soko alikuwa amesaini bahasha nyingine. Tangu asubuhi hii? Alitafuta jibu ambalo lisingemvua nguo, akalikosa.

"Mwenzako naye alikuwa mtu mzuri," Mkubwa alisema taratibu, akasukuma kalamu mezani. "Ana watoto kama wewe. Huko aliko hakuna hata shule."

Akasaini. Alisaini akiwa amesimama, haraka haraka, bila kuketi, kama kwamba kutoketi kulipunguza kitu.

Jioni alipotoka getini, Bibi Harusi lilikuwa nje ya ukuta, limeegeshwa kandokando ya mtaro bila vibao vyake. Wanawake wale walikuwa wamekwenda kutafuta watu wa kulisukuma mpaka nyumbani. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, nati mfukoni, na alipomwona akajisogeza kumpa nafasi. Mkaguzi aliketi. Alitaka kusema nisamehe, lakini angeombea lipi, na angeanzia wapi?

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, Mwalimu."

"Kazi yenu nzito. Kukagua magari yote yale, siku nzima uko shimoni!" Mzee alitikisa kichwa kwa huruma. Barabarani basi la Tajiri lilipita limejaa, watu wamening'inia mlangoni, wakaliangalia wote wawili mpaka likakata kona kuelekea mteremko wa sokoni.

"Na wale wengine je?" Mwalimu aliuliza. "Wamepita?"

"Wamepita."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu."

"Afadhali," alisema mzee, na hapakuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake. "Afadhali basi. Mradi limekamatwa lililokuwa bovu."