Mwito wa Getini

Hapa Gando, Pemba, hatuna reli, lakini mwaka ule wa hamsini na tisa kila mtu aligeuka bingwa wa treni. Watoto wawili wa jirani yangu Bi Mwatum, Himid na Khatib, waliuliwa na treni kule Tanga, kwenye geti la kivuko kimoja cha reli, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili siku ya Ijumaa. Khatib alikufa kavaa kofia aliyoiacha nduguye. Basi midomo haikupumzika. Reli ile ina pepo, walisema, na pepo huyo kaionja damu ya Kipemba. Walisema hayo huku wanatafuna wali wa hitima, na walinichefua.

Alibaki Jaribu, kitinda mimba. Mjomba wao Nyange, mshika bendera ya kuzuia watu treni ipitapo kwenye kivuko hicho hicho, ndiye aliyewatafutia kaka zake Jaribu kazi Tanga. Sasa alikuja kwa hitima ya Khatib, na alitaka kurudi na Jaribu, maana karafuu hazikuzaa na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kuilisha.

Watu walipotawanyika, Bi Mwatum alimgeukia nduguye.

"Kaka, hebu nambie. Ilikuwaje?"

Nyange aliutazama mkeka.

"Treni yaja, na Himid yuaja kwangu toka ng'ambo ya reli, kainamia chini, hana habari. Nkamwita jina lake, asimame pale pale."

"Akafanyaje?"

"Kaitika labeka, kaja mbio."

"Na Khatib?"

"Vivyo hivyo. Bendera n'nayo mkononi, dada. Nlivyomwona mtoto nkaisahau. Nkamwita."

Mimi nilijua Bi Mwatum anawaza nini, kwa sababu nilimwona akiwalea wale watoto kwa ufito wa mpera: mkubwa akikwita huulizi kuna nini, labeka na miguu viende pamoja. Kijiji kizima kilimsifu. Wanangu mimi huitwa mara tatu ndipo wageuke, na miaka yote nilimwonea wivu. Wanangu wote wako hai.

"Jaribu!" aliita.

"Labeka, mama!"

Alikuwa uani anaosha masinia. Alikuja mbio na sinia mkononi, maji yanamchuruzika, akasimama mlangoni kainamisha kichwa. Kijana wa miaka ishirini, na mama yake akamtandika kofi.

"Rudi ulikokuwa. Nkikwita, simama. Wasikia? Usije. Simama!"

Jaribu alinitazama mimi, akamtazama mjomba wake. Alirudi uani bila kuuliza.

Bi Mwatum alingoja mpaka tukasikia masinia yanagongana tena.

"Jaribu!"

"Labeka!" Na kabla sauti haijaisha, alikuwa keshafika mlangoni.

"Huyu haendi," Bi Mwatum alimwambia nduguye, na hapo ndipo alipolia.