Kikopo cha Adolphe

Jumatano, tarehe 12 Machi 2014. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya mtaa wa Nyakasanza, na upepo ulikuwa wa baridi. Emérance alisimama nyuma ya nyumba ya Adolphe, upepo ukimpiga mgongoni, kama watafiti wa chuo kikuu walivyomfundisha. Mgonjwa hukohoa nje. Anayechukua makohozi husimama upande upepo unakotoka.

"Vuta pumzi mpaka chini, baba. Halafu kohoa."

Adolphe alijishika mbavu, akatema ndani ya kikopo, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Aksanti, mama. Mungu akubariki."

Emérance alikiinua kwenye mwanga. Maji meupe yenye povu. Mate matupu. Makohozi ya kweli hutoka chini kifuani, mazito. Mate yakipelekwa, mashine ya chuo haioni kitu, na mgonjwa hurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Alijua hilo kama alivyojua kusonga bugali. Akakaza kifuniko.

Wakati wa vita, kwenye kizuizi cha barabara ya Bambu, mtu huyu alimshusha Yves, mume wa Emérance, kutoka kwenye lori. "Mama, endelea na safari," alimwambia. "Hatuna maneno na weye." Yves hakurudi, na hakuna aliyejua amezikwa wapi. Juzi, akitafuta wenye kikohozi katika mtaa huu, Emérance aliitambua sauti kabla ya kuutambua uso uliokonda. Adolphe hakumtambua nyuma ya barakoa. Usiku ule Emérance alipiga magoti, lakini hakuomba amani. Aliomba asimhurumie.

Hakumhurumia. Aliweka kikopo ndani ya sanduku la baridi.

Mlangoni, Geneviève, mke wa Adolphe, alikuwa akipepeta mchele. "Atapona, mama? Usiku anakohoa mpaka kuku wanafikiri tumenunua jogoo mupya."

"Kama anakufa, mutamuzika wapi?"

Ungo ukasimama. "Unauliza nini, mama? Pale, karibu na muparachichi. Watoto wamuone kila siku."

Emérance aliutazama mparachichi. Huyu angepata kaburi lake, kivuli chake, watu wa kumlilia. Na kinywa kinachojua Yves alipo kingefukiwa humo humo.

Akageuka, akarudi nyuma ya nyumba na kikopo kipya.

"Ile ilikuwa mate. Kohoa tena."

"Mama, naumia."

"Umia. Kohoa!"

Mchana Daktari Camille, kiongozi wa kundi la utafiti, alikuja mwenyewe na jibu la mashine. Kilikuwa kifua kikuu, na dawa za kawaida zingekiponya. Kundi lake lilikuwa na desturi: kabla ya kidonge cha kwanza, mgonjwa humtaja atakayemwangalia akimeza kila siku kwa miezi sita, na wote wawili huahidi kwa sauti mbele ya majirani, ili asiache njiani akipata nafuu.

"Nachagua bibi yangu," alisema Adolphe, akimwonyesha Geneviève.

"Bibi atakuonea huruma," Emérance alisema. "Mi sitakuonea."

Majirani wakacheka. Adolphe naye akacheka, akakohoa. "Basi, huyu mama. Iko mukali kupita kikohozi."

Emérance alishusha barakoa yake.

"Niangalie muzuri. Barabara ya Bambu. Lori. Bwana yangu alivaa koti ya rangi ya bleu."

Kicheko kikakatika. Adolphe alimtazama, kisha akakaa chini.

"Mama..."

"Usiniombe musamaha. Kidonge ya mwisho ikiisha, utanipeleka pale fasi mulimuweka. Ahidi."

"Mama Emérance," Camille alisema, "hii haiko mu kazi yetu. Dawa atapata, hata akikataa."

"Atapata, Docteur. Mi namuuliza tu mbele ya watu."

Adolphe alimtafuta mke wake kwa macho. Geneviève alikuwa ameweka ungo chini, akitazama ardhi.

"Nitakupeleka," alisema Adolphe. "Kama nitaweza kusimama."

"Utasimama." Emérance alimwekea vidonge kiganjani. "Naahidi mbele ya bote: kila asubuhi nitakuja, mvua ao jua, na hautakufa mikononi mwangu. Sasa meza, halafu ufungule kinywa nione."