Mtutu wa Bunduki ya Tata

Fundi Mujuni aliweka mitutu miwili juu ya meza yake pale Bukoba, na mume wangu Lameki akainama kuikagua kama anayechagua mchumba. Kibali cha polisi cha kubadilisha mtutu tulikuwa nacho. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule wa zamani, uliokwisha kufunguliwa, uliovimba karibu na katikati. Tangu uvimbe ule uonekane nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hugomba.

"Chukua huu mnene," nikamwambia.

"Mnene ni mzito, Judica. Huu mwembamba ndio unaofanana na wa Tata."

Bunduki ilikuwa ya Tata, marehemu baba yake, na Lameki aliipenda kuliko shamba lenyewe. Lakini alipoifyatua kwa mara ya kwanza baada ya matanga ya mzee, ilimpiga bega vibaya na mtutu ukavimba. Yeye alilaumu risasi.

Fundi alichukua waya, akauchokoa uvimbe kwa ndani. Zikatoka nyuzi nyeusi zilizoungua.

"Humu mlikuwa na kitu, ndugu yangu. Risasi ilikikuta njiani. Bahati yenu chuma kilivimba tu. Kingeweza kupasuka."

"Hakuna aliyeweka kitu," alisema Lameki.

Nilizishika zile nyuzi, nikazijua. "Ni rubugo hii."

Katika ukoo wao, mtu akifariki, mama wa nyumba huziba mdomo wa bunduki kwa kipande cha rubugo, ile nguo ya gome la mti, ili isilie wakati wa msiba. Wanasema ikilia inamwita mwingine. Lameki alikikumbuka kipande hicho, alikichomoa mwenyewe matanga yalipokwisha. Kumbe sehemu yake ilikatikia ndani, ikateremka hadi katikati.

"Basi chukua mnene," nikarudia.

"Mama, mtutu ukizibwa, hata mnene hauna usalama," fundi akaniambia.

Lameki akachukua mwembamba. Fundi akaufunga, akausafisha, na mimi nikanuna njia nzima mpaka Muleba na kuendelea.

Tulifika nyumbani Ngenge tukamkuta mama mkwe wangu, Mama Agnetha, amejitanda rubugo mabegani na analia. Baba mdogo wa Lameki, Protase wa Rubafu, alikuwa amefariki. Nilitaka Lameki amweleze mama yake habari ya zile nyuzi jioni ile ile, akakataa.

"Mwache alie kwanza. Tutaongea tukishazika."

Akaifungia bunduki kwenye sanduku la chuma, ufunguo akautundika kwenye msumari ambao nyumba nzima inaujua. Hapo ningegomba, ila nilikuwa nimechoka.

Alfajiri jirani aliita kwamba nguruwe pori wameingia kwenye mahindi. Lameki hajali miiko ya msiba njaa ikibisha hodi, akachukua bunduki akatoka mbio. Nilipoingia jikoni, Mama alikuwa anawasha moto. Kona ya rubugo yake ilikuwa imechanwa, na palipochanwa palikuwa bado papya.

"Mama, rubugo yako imefanya nini?"

"Nimeichana mwenyewe jana, waitu, mwanangu. Bunduki imerudi nyumbani kuna msiba, ningeiacha hivyo? Safari hii kipande nimekisukuma mtutuni ndani kabisa kwa kijiti, asije akakitoa mapema."

Nilikimbia peku kupita migomba. Nilikuwa nasubiri mlio. Kila nilipovuta pumzi nilidhani ndio huo.

Alikuwa amepiga goti ukingoni mwa mahindi, shavu liko kwenye kitako, nguruwe wako mbele yake. Nilifungua mdomo kumwita na sauti haikutoka, pumzi zilikuwa zimeniishia kwa kukimbia. Nikaokota bonge la udongo nikamtupia, likampata mgongoni. Nguruwe wakatimka.

"Una wazimu wewe?"

"Toa risasi," nikasema kwa shida. "Uchungulie."

Alitoa risasi, akauelekeza mtutu kwenye mwanga wa asubuhi, akachungulia kwa nyuma. Alichungulia tena; mwanga haukupita. Kisha akakaa chini kwenye mahindi, nami nikakaa kando yake.

Nyumbani hakumgombeza mama yake. Aliuleta mtutu wa zamani, akampa aushike, akamwambia kilichouvimbisha. Mama alipapasa uvimbe, akauliza:

"Ukilenga, mkono wako wa kushoto unashika wapi?"

Lameki aliinua bunduki ikiwa tupu, akalenga ukuta. Mama akaulaza mtutu wa zamani sambamba na mpya. Uvimbe uliangukia pale pale kwenye vidole vya mwanawe.

"Nilikuwa nakulinda," alisema. Akauweka mtutu sakafuni. Baadaye akauliza, "Sasa bunduki ataninyamazishia nani?"

"Wewe mwenyewe, Mama. Kaa na hizi."

Lameki akampa risasi zote. Mama akazifunga kwenye kona ya rubugo isiyochanwa, tukaenda Rubafu kuzika, tukarudi, na hakuifungua ile kona hata siku moja mpaka matanga yakaisha. Nguruwe waliyala mahindi yetu mpaka mstari wa mwisho nyuma ya nyumba. Nilikuwa nawasikia wakivunja mabua, na mimi, nisiyejua kunyamaza, niliwaacha wale.